Kitunga Kilichokataliwa

Mkono wangu wa kulia unanuka samaki mpaka leo, ingawa ni mwaka wa nne sasa sijautia ndani ya kitunga. Mke wangu Adolphine anasema watu wakinipisha kanisani si kwa heshima. Mwache aseme. Mkono huu ndio uliomlisha, ndio uliotupa nyumba ya matofali katika kambi ya wafanyakazi, na ndio ulioniponza katika jambo ninalotaka kulieleza hapa. Sijalieleza kwa mtu mwingine isipokuwa Bwana Verhulst, naye hakutaka kulisikia.

Jina langu Kalaba Gérard. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa mpokeaji wa samaki kwenye magazini, yaani ghala, ya posho ya kampuni moja ya migodi hapa Élisabethville. Posho ni chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi kila Ijumaa: unga, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi na samaki wa moshi. Samaki walitoka Kasenga, kwenye mto Luapula, wakafika kwa malori kila Jumanne, wamepangwa ndani ya vitunga virefu vilivyotandikwa majani. Kila kitunga kilipita kwangu kwanza. Nikikikubali, kinakwenda kwenye mizani. Nikikikataa, kinarudi kwenye lori, na dereva anaweza kulia au kunitukania mama, kwangu ni mamoja.

Kazi yangu ilikuwa kutoamini watu, na nilizaliwa nayo. Kwetu ni Kasenga, hila zote za pale nazijua, nyingine nilizionea nyumbani kwa mjomba wangu. Wanaweka samaki wazuri juu na wabovu katikati. Wananyunyiza maji ili kitunga kiwe kizito. Wanawapiga moshi haraka haraka, nje wamekauka, ndani nyama bado mbichi. Kwa hiyo mimi sikutazama juu. Nilitumbukiza mkono mpaka kwapani, katikati kabisa, nikautuliza humo muda wa kusali Baba Yetu moja. Samaki mkavu ni baridi. Samaki mwenye maji, akibanwa na wenzake barabarani siku mbili, anapata joto kama mgonjwa wa malaria. Mkono ukikuta joto, nilikuwa nautoa, naunusa toka vidoleni hadi kwenye kiwiko, nasema neno moja tu: "Rudisha."

Nilikuwa na sheria yangu, ikajulikana toka Kasenga mpaka stesheni ya reli: kitunga kilichokataliwa hakirudi kwenye mizani. Hata mwenye nacho akikifungua, akachambua wabovu, akafunga upya, kwangu kimekwisha. Madereva walinichukia kwa hilo. Bwana Verhulst, Mbelgiji mkuu wa magazini, aliipenda mno sheria hiyo. Alikuwa akiwaambia Wazungu wenzake kwamba Kalaba haangalii kitunga mara mbili, nami nasimama kando najifanya sisikii, huku kichwa kinavimba.

Mwaka 1953, mwanzoni mwa kiangazi, aliniita ofisini akaniambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, mvua zikianza, samaki wa vitunga basi. Yanakuja malori yenye masanduku ya barafu, na samaki watafika wabichi. La pili, kampuni inatafuta Mwafrika mmoja wa kununua vitu vyote vya kambi, unga, sabuni, mablanketi, hata saruji. Kazi hiyo waliiita kwa Kifaransa, *acheteur*.

"Sasa miye, Bwana?" nikauliza.

"Weye iko muntu ya samaki," akasema, akarudia karatasi zake. "Tutaangalia."

Tutaangalia! Miaka kumi na saba, halafu tutaangalia. Nyumba ya kambi ilifuata kazi. Kazi ikiisha, unapewa siku chache za kufunga mizigo, halafu mwenzako anaingia na sufuria zake wakati jiko lako bado lina moto. Tulikuwa na watoto watano, wa kwanza, Chola, akiwa darasa la mwisho kwa mapadri. Nikimwaga unga, wote tunatoka. Niliondoka ofisini nikiwa na jambo moja tu kichwani: kazi ile ya kununua niipate, na mtu mwingine asiipate.

Wiki iliyofuata akaja Symphorien.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtu wa Kasai, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, na daftari lenye jalada jeusi alilolishika kwa mikono miwili. Niliuliza habari zake, na nilizozipata hazikunifurahisha. Alikuwa amefanya kazi kwenye mabehewa ya mizigo stesheni, akahamia kiwanda cha sabuni, kisha ghala la mbegu, kisha kwa fundi wa mbao. Kazi nne, na ndevu bado hazijajaa! Mtu anayebadilisha kazi mara nne, nikajiambia, ama ni mwizi ama ni mpelelezi, na mwizi asingepewa daftari.

"Baba Kalaba," akanisalimia, ameinamisha kichwa vizuri, "balinituma niandike vile munapokeaka samaki. Kila kazi ya magazini itaandikwa."

"Juu ya nini?"

"Bwana anasema, muntu akienda, kazi isiende naye."

Muntu akienda. Damu ikanichemka. Kwenye magazini ile walikuwa watu kumi na wawili, na wote walikuwa na vitu vya kupokea mvua zikianza. Asiyekuwa na kitu ni mimi peke yangu. Sikuhitaji kuambiwa ni muntu gani anayekwenda.

Nilimwambia Adolphine tukiwa mezani. Yeye ni mtu wa roho nyeupe, ndiyo maana wauza mkaa wanampunja.

"Baba Chola," akasema, "ule mutoto ya bantu anauliza kazi tu."

"Anapima kaburi yangu, mama. Anauliza urefu na upana."

"Basi umufundishe muzuri, ili aseme weye njo fundi."

Nikamtazama. Kumbe hata ndani ya nyumba yangu sikuwa na mtu wa kunielewa.

Symphorien alikuwa hachoki. Nikisogea, anasogea. Nikikohoa, naona anaandika. Jumanne ya kwanza alitazama tu. Jumanne ya pili nilikuwa nimeutia mkono ndani ya kitunga cha Jeannot, dereva mmoja mwenye maneno mengi, na katikati pale nikakuta joto, hata Baba Yetu sikuimaliza. Nikasema, "Rudisha." Jeannot akaanza kelele zake. Symphorien akasogea karibu.

"Baba, pale unaingiza mukono, unatafuta nini?"

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Sikulipanga. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Natafuta moto," nikamwambia. "Kitunga yenye moto njo muzuri. Moshi ya Kasenga ingali ndani."

"Hii haikuwa na moto?"

"Ilikuwa nayo."

"Na unairudisha?"

"Juu ya kamba. Angalia ile kamba. Banafunga mubaya."

Akaitazama kamba. Ilikuwa kamba nzuri kabisa, ya maganda ya mti, imefungwa kwa mafundo mawili. Akanitazama mimi. Kisha akainama akaandika, kwanza upande wa kushoto wa ukurasa, halafu upande wa kulia. Nikashangaa kidogo kwamba maneno machache namna ile yamechukua pande mbili, lakini watu waliosoma wana mambo yao.

Sikuona haya. Nilifurahi, na furaha ile ilinikaa siku nzima. Tangu hapo kila alipouliza nilimjaza uongo. Nikamwambia majani ya chini yakiwa na maji ni dalili ya samaki wapya. Nikamwambia ukungu mweupe kwenye mapezi ni chumvi. Aliandika vyote, kushoto na kulia, akanishukuru kila mara. Akilini nilikwisha kumwona siku atakayopimwa, amesimama mbele ya Bwana Verhulst na daftari lake, anakubali vitunga vinavyotoa mvuke, na moyoni nikapiga makofi.

Halafu nikaanza kuona vifurushi.

Mara ya kwanza ilikuwa langoni, kwenye saa sita za mchana. Jeannot aliteremka kwenye lori, akamkabidhi Symphorien kitu kilichofungwa kwa majani, nacho kikaingia haraka ndani ya mfuko wa baiskeli. Nikasema labda ni barua, labda ni dawa ya kienyeji. Jumanne iliyofuata tena, na safari hii niliona mkia wa samaki unachungulia. Mara ya tatu sikuvumilia. Nilimsubiri karibu na baiskeli yake.

"Weye unapenda samaki sana," nikamwambia.

Akacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa. "Iko ya kujifunza tu, baba."

Ya kujifunza! Nimewajua wala rushwa wengi, kuna aliyeniambia ni ya mgonjwa, kuna aliyeniambia ni ya paka wa padri, lakini aliyekula rushwa kwa kujifunza nilikuwa sijamwona. Na samaki wa nani? Wa Jeannot, ambaye vitunga vyake nilivikataa kuliko vya wote. Sasa njama ikanikalia wazi. Kijana anataka nafasi. Dereva anataka mpokeaji atakayefumba macho. Wamekutana.

Nikaamua kumwachia kamba ajinyonge. Jumanne iliyofuata nilijitia homa. Nilimtuma jirani aseme magazini kwamba Kalaba hawezi kuinuka, na Symphorien apokee. Adolphine, masikini, alinichemshia majani ya mikaratusi, akanifunika blanketi mbili, akaniacha nitoe jasho kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Mchana nilikula sahani mbili za ugali.

"Hii homa inakula bukari namna hii?" akauliza.

"Iko homa ya Kasenga," nikajibu, nikageukia ukutani.

Nilihesabu siku. Jumanne anapokea, Ijumaa posho inagawiwa, Jumamosi kambi nzima inatapika, na kabla ya misa ya Jumapili kijana yuko kwenye behewa la kurudi kwao. Hesabu ilikuwa safi. Ijumaa Adolphine alirudi kutoka kwenye mstari wa posho, akatua karai, akaanza kupepea moto. Alipokwisha kuweka sufuria jikoni ndipo nikakumbuka kwamba kambi nzima ni pamoja na nyumba yangu, na kwamba watoto wangu watano walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanasubiri.

Nilimnyang'anya samaki mikononi. Nikamvunja mgongo, nikanusa. Nikavunja wa pili, wa tatu. Adolphine alisimama na mwiko, anadhani homa imepanda kichwani. Wote walikuwa wakavu, baridi, nyama inaachana na mfupa bila kushikana. Hata mimi nisingechagua wengine.

Tulikula. Watoto walilamba vidole, nami nilitafuna kama ninayetafuna kamba. Angewezaje? Kwa yale niliyomfundisha, alipaswa kukubali vyote vya joto na kurudisha vyote vya baridi. Nilikaa na swali hilo Jumamosi nzima, na Jumapili wakati wa mahubiri jibu likanijia. Hakuchagua. Alichaguliwa samaki. Jeannot na wenzake walijua siko, wakaleta vitunga safi kwa makusudi, ili kijana apate sifa, mimi nitoke, na baadaye waanze kuleta uchafu wao. Kwa hiyo samaki wale wazuri ndio ushahidi wenyewe. Nilitoka kanisani nimenyooka mgongo. Leo nikilikumbuka jibu hilo natamani kujificha, lakini siku ile niliona Mungu mwenyewe amenifunulia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Bwana Verhulst.

"Ule karani anapokea bintu ku madereva, Bwana."

"Umeona?"

"Mara tatu. Na macho yangu."

Akamwita Mwaba, mlinzi wa lango. Mwaba akasema ni kweli, vifurushi vimepita, yeye alidhani vina ruhusa. Kisha akaitwa Symphorien, mlango ukafungwa. Sikusikia sauti kupanda. Haukupita muda mrefu, akatoka bila daftari lake.

Nilikuwa kwenye mizani, najifanya nasafisha sahani yake ya chuma. Nilifikiri atapita moja kwa moja langoni. Badala yake alikuja kwangu, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtoto aliyelelewa.

"Baba Kalaba, naaga. Aksanti juu ya yote ulinifundisha."

Niliutafuta uso wake wote, nikitafuta dhihaka. Sikuiona. Nikajiambia anajua kuificha. Nikampa mkono, huu huu wa kulia, na alipokwenda niliunusa bila kujua kwa nini.

Jumatano Bwana Verhulst aliniita tena. Daftari jeusi lilikuwa mezani, na juu yake karatasi mbili za Kifaransa zilizopigwa kwa mashine.

"Kaa," akasema. Alikuwa hajawahi kuniambia nikae. "Hii njo rapport yake. Alinipatia Jumamosi. Miye nilimutuma aangalie kama weye unaweza kazi ya acheteur. Nilimukataza kukuambia. Ungelijua, ungelijionyesha."

Nilikaa, nikazivuta karatasi kwangu. Kifaransa changu ni cha polepole, nasoma kwa kidole. Kidole kilitembea juu ya karatasi, na kila kilipofika nilijikuta mimi. Aliandika kwamba Kalaba Gérard hajui samaki tu. Anajua kupokea kitu. Anajua mahali muuzaji anapoficha ubaya, na mahali hapo ni pale pale kwa vitu vyote, kwa hiyo ukimpa saruji atatia mkono katikati ya mfuko kutafuta mabonge, ukimpa mablanketi atalifungua la katikati ya robota, ukimpa sabuni atakata kipande cha ndani. Barafu haitamtoa kazini, aliandika. Itampa kazi nyingine ya kujifunza, naye atajifunza kwa mkono. Mwisho aliandika kwamba yeye mwenyewe amepita kazi nne akitafuta kitu anachoweza kuhama nacho, na alikiona kwa mzee huyu ambaye hajahama hata mara moja.

"Na kaye?" nikauliza, nikilionyesha daftari jeusi.

Bwana Verhulst akalisukuma kwangu. "Iko ya Kiswahili, sikusoma yote."

Kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati. Upande wa kushoto, juu, aliandika *Anachosema*. Upande wa kulia, *Anachofanya*. Jumanne ya pili: anasema joto ni zuri, amekataa vitunga vyote vitano vyenye joto. Anasema kamba mbaya. Kamba ile ile kwenye vitunga alivyokubali. Anasema majani yenye maji ni dalili njema. Ameyashika, amefuta mkono kwenye suruali, amekataa. Ukurasa baada ya ukurasa, uongo wangu kushoto na mkono wangu kulia, na mkono haukudanganya hata mara moja.

Karibu na mwisho palikuwa na maneno yaliyopita juu ya mstari, yamejaza pande zote mbili. Nimeyasoma mara nyingi sana baadaye, nayajua kwa moyo.

"Nimeomba kwa Jeannot samaki wa vitunga vilivyokataliwa. Nimewaweka dirishani kwangu siku tatu tatu. Wote wameoza, wa mara ya kwanza, wa pili na wa tatu. Mkono wa Baba Kalaba ni sahihi, nami leo nikipokea peke yangu nitafuata mkono. Sitamwuliza kwa nini mdomo unasema mengine. Ni mzee, ningemwaibisha. Anaogopa. Pengine hata mimi ningeogopa."

Machozi yalinitoka mbele ya Mzungu. Sikuyafuta.

"Bwana," nikasema, "ule mutoto hana kosa. Bile bifurushi bilikuwa samaki ya kuoza. Alitafuta kujua ukweli juu miye nilimudanganya. Umurudishe, Bwana. Miye njo nilikosa."

Bwana Verhulst akavua miwani. "Nilimuuliza Jumatatu: samaki ya nini? Alisema ya kujifunza, basi, akanyamaza. Kama iko na sababu, juu ya nini hakusema?"

"Angelisema, angelisema miye niko muongo."

"Kalaba. Jumatatu unasema anapokea. Leo unasema hapokei. Unamuonea huruma, ao bandugu yake bamekuja kukuona?"

Naye alinishuku! Nilitaka kukasirika. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe, kwa maneno kama yale, nisingemwamini mtu.

"Umusikilize mara moja tu, Bwana. Mara ya pili."

Akatabasamu, akaninyooshea kidole. "Weye njo ulinifundisha. Kitunga yenye ilikataliwa…"

Akasubiri nimalizie. Kidole kilikuwa bado hewani.

"Hairudi ku mizani," nikasema.

"Voilà," akasema, akacheka kwa furaha, akanipiga bega. "Njo juu ya ile nakupatia kazi."

Akaweka karatasi ya kusaini mbele yangu. Nilimfikiria Chola na darasa lake la mwisho. Nilifikiria sufuria za Adolphine nje ya mlango. Ningeweza kukataa, sasa nakwambia wazi kwamba ningeweza. Nilisaini.

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, nilikwenda kumtafuta. Alikuwa amepanga chumba cité, mtaa wa Waafrika nje ya kambi, kwa mama mmoja anayeitwa Mimi. Mama Mimi alinipokea mlangoni mikono kiunoni.

"Alienda jana na train. Kwao, ao mbele ya kwao, sijue. Ulikuwa ndugu yake?"

"Hapana. Tulitumika pamoja."

"Basi kuja uone vile aliacha nyumba yangu. Muntu wa shati nyeupe vile, anajaza dirisha samaki ya kuoza! Nilimwambia utupe, anasema, mama, siku moja tu ingine."

Dirishani palikuwa na madoa matatu ya mafuta kwenye ubao, yamepangwa sawasawa, na chini ya kila doa tarehe kwa kalamu ya risasi. Niliyagusa. Mama Mimi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, na safari hii nilisema kweli.

Nimeuliza habari zake stesheni, kwa watu wa Kasai wanaokuja na wanaokwenda, hata kwa mapadri. Mmoja aliniambia yuko Luluabourg anapokea vyuma vya reli, mwingine akaniambia amehamia kwenye pamba. Yote yanawezekana. Popote alipo, anaangalia mikono ya watu.

Mimi nimekuwa mnunuzi kwa miaka minne. Samaki wa barafu walikuja kweli, nikajifunza kufungua shavu na kutazama wekundu wake. Nikajifunza saruji, sabuni, mablanketi, koleo za chuma, na kila mara nikikwama nafungua daftari jeusi, ambalo Bwana Verhulst aliniachia. Nyumba bado ni yetu. Chola sasa ni mwalimu. Kazi naifanya vizuri, wananisifu, na sifa zote hizo ni za mtu aliyefukuzwa langoni.

Jambo moja nimelibadilisha. Kitu kikikataliwa kwangu, kinaweza kurudi. Mwenye nacho akisema nimekosea, nakifungua tena mbele yake, katikati, na nikikuta kizuri nakipokea. Bwana Verhulst hajui, na akijua hatapenda.

Anayejua ni Mumba. Huyu ni karani wangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, macho makali, haamini hata saa ya ukutani. Wiki iliyopita alirudi muuza sabuni ambaye masanduku yake niliyakataa siku mbili kabla. Nikasema yafunguliwe. Mumba akamtazama muuza sabuni, akanitazama mimi, kisha akatoa kijitabu mfukoni akaandika upesi, akakifunika kwa kiganja.

"Unaandika nini?" nikamwuliza.

"Bure tu, baba."

Nilijua alichoandika: kwamba muuza sabuni amenihonga. Niliyajua hata macho yake, maana niliyavaa miaka kumi na saba. Jumatatu moja atasimama mbele ya ile meza, na Mwaba ataitwa.

"Andika pande mbili, Mumba," nikamwambia. "Upande moja yenye nasema. Upande ingine yenye nafanya."

Akanikodolea macho, anadhani uzee umeanza. Nikakunja mkono wa shati, nikautia mkono katikati ya sanduku la kwanza.